Manowari Kwenye Chumba cha Mjukuu

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Mlima hauonekani. Kiuno kinauma.

Michiyo, mke wangu, ametoa tangazo wakati wa kifungua kinywa, bila kuinua macho kwenye supu yake. Binti yetu Chinatsu anakuja Jumapili ya tarehe 21. Atakaa nasi mpaka ajifungue, na mwezi mzima baada ya hapo, kama mabinti wafanyavyo. Atalala chumba cha juu. Nikauliza chumba kipi cha juu. Akasema kile ambacho zamani kilikuwa na sakafu.

Nikamweleza kwamba chumba kile ni ghala lenye mpango. Nimestaafu ghala la chai. Kama kuna elimu niliyo nayo, ni ya kupanga masanduku. Manowari ukuta wa kushoto. Ndege kulia. Vifaru chini ya dirisha. Visanamu vya askari, wapita njia na mbwa vimo kwenye kabati lililokuwa la magodoro. Modeli hizi, za plastiki na za kuunganisha mwenyewe, karibu zote hazijafunguliwa, na kitu kisichofunguliwa si mrundiko. Mrundiko ni vitu vilivyotumika. Hivi vyangu bado ni nia.

Michiyo akasema nia hizo zimefika dari.

Kisha akasema jambo la pili, kwa sauti ya chini. Mamamkwe wa Chinatsu, Bi Ishigami wa kule Hamamatsu, ana nyumba kubwa na chumba kitupu. Ameshanunua godoro la mtoto lenye picha za bata. Chumba chetu kisipokuwa tayari, Chinatsu atakwenda huko. Ni mjukuu wetu wa kwanza. Michiyo akasimama kwenye karo akaosha bakuli moja muda mrefu mno.

Nikamwambia aniachie mimi.

Akapendekeza lile duka la vitu vilivyotumika karibu na stesheni. Haiwezekani. Wale huuliza ulinunua lini na kwa bei gani, wanauliza kwa sauti kubwa, na Michiyo anaamini mpaka leo kwamba modeli zangu nyingi nilizishinda kwenye bahati nasibu za klabu.

Jumatano, 10 Aprili

Nimegundua kiini cha tatizo. Si modeli. Ni hewa.

Fungua sanduku lolote la modeli. Vipande vya plastiki vimelala chini, juu yake hewa tupu. Nusu ya chumba changu ni hewa ambayo nimekuwa nikiitunza miaka yote hii bila sababu. Basi: toa vipande, tia kwenye mifuko, kunja masanduku, weka nje siku ya kukusanya taka za karatasi. Rahisi kabisa.

Nimeanza na manowari. Mpaka saa sita mchana nilikuwa nimejaza mifuko. Nikachukua sanduku la kwanza ili nilikunje. Kwenye kifuniko meli inapasua mawimbi, mawingu mekundu nyuma, baharia mmoja mdogo mlingotini ambaye sikuwahi kumwona kabla. Nikaliweka pembeni. Nikachukua la pili. Nalo hivyo hivyo.

Hakuna sanduku lililokunjwa. Sasa nina mifuko, na pia nina masanduku, na hewa iko palepale.

Tena vipande vyote vya manowari ni vya kijivu, nami nilijaza meli kadhaa katika mfuko mmoja. Kwa kuangalia tu, ninamiliki meli moja yenye milingoti kama msitu na mizinga kila upande, hata chini ya maji.

Michiyo alipanda akauliza kama nimeanza. Nikamjibu kwamba awamu ya kwanza imekamilika.

Ijumaa, 12 Aprili

Leo nimefanya kazi ya akili. Naiandika vizuri ili nisiisahau.

Modeli haiuziki, haitupiki. Lakini inagawika. Mtaa huu umejaa watu wasio na modeli hata moja. Tatizo linajulikana: hapa kwetu ukimpa mtu kitu, atakurudishia kitu. Nusu ya thamani, angalau, na upesi, la sivyo hatalala. Kwa hiyo ukitoa zawadi kumi utapata nyumba yenye taulo kumi.

Dawa yake: zawadi isiyo na jina. Mtu asipojua nani kampa, atamrudishia nani?

Asubuhi watu walipokwenda kutoa taka nikapita mlango kwa mlango. Sikugawa ovyo, nilichagua. Kinyozi Oishi, ndege ya kivita. Muuza mboga Makita, lori. Mjane Bi Usami, ambaye marehemu mumewe alikuwa baharia, mashua ya kuvulia samaki bonito. Sikuandika kadi. Sikugonga. Nilitembea kama mtu anayenyoosha miguu.

La mwisho nililipeleka kwa Katsumata. Huyu si mtu wa kuachiwa hivihivi. Katsumata ni daktari wa meno mstaafu na mwenyekiti wa klabu yetu ya modeli. Alichaguliwa akiwa mgombea pekee na bado akatoa hotuba. Kila mwaka anashinda kikombe kwa sababu anasafisha viungo vya modeli kwa vyuma vya meno, jambo ambalo mimi naliona ni udanganyifu. Nikamwachia ngome. Ni modeli ya ngome ya zamani, sanduku zuri, lakini ndani orofa ya kwanza imegandishwa upande na paa limepakwa rangi ya waridi na mtu ambaye sitamtaja. Nikalifunga upya kwa utepe wa gundi. Nilitaka afungue mbele ya mkewe.

Nimerudi nyumbani nikanywa chai mbili. Kwenye chumba, mkeka mmoja unaonekana. Una rangi nzuri, ya kijani. Nilikuwa nimesahau.

Jumapili, 14 Aprili

Wamejua.

Makita alikuja kabla hatujamaliza kula, na kreti la machungwa. Akashukuru kwa lile lori. Nikasema lori gani. Akacheka akasema, “Acha utani, mzee,” akaliweka kreti ndani ya mlango.

Baada yake Oishi. Taulo, zimefungwa kwa riboni, tita zima. Nikamuuliza amejuaje. Akaniangalia kama anavyomwangalia mteja anayedai nywele zake bado ni nyingi. Akasema, “Kurebayashi, mtaa huu nani mwingine anaweza kuamka asubuhi akamwachia mtu ndege ya kivita mlangoni?”

Sabuni za kufulia, za jirani wa kona. Senbei, zile biskuti za mchele, kwenye bati kubwa, za jirani wa mkabala. Michiyo anapokea, anainama, anashukuru, ananiangalia.

Alasiri kikasimama kigari cha mizigo. Bi Usami akashuka, na nyuma yake mpwa wake amekumbatia kasha la kioo refu kama mlango uliolazwa. Ndani kuna meli ya abiria, imekamilika, kila dirisha, kila kamba. Marehemu mumewe aliiunda miaka mingi.

Nikasema siwezi kupokea kitu kama hicho kwa mashua moja ya bonito. Bi Usami akanishika mkono. “Mdogo wangu,” akasema, “tangu mzee aondoke nimekuwa nikijiuliza nimwachie nani. Siku ile nimefungua mlango, nikaona mashua. Nikasema haya, mzee mwenyewe amekwisha kuchagua.”

Nikainama. Mpwa wake akaipandisha meli juu. Ilienea kwenye ule mkeka wa kijani barabara, utadhani walikuja kupima.

Jumanne, 16 Aprili

Machungwa yanaanza kunuka utamu. Nikaamua kuyahamisha. Sikuyala, sikuyafungua, ni mali safi. Nikampelekea Oishi kreti zima, kama shukrani ya taulo. Hapa najua nilikosea kanuni, maana kinachorudishwa hakirudishiwi tena. Lakini nilikuwa na haraka.

Mke wa Oishi ni dada yake Makita. Alilitambua kreti kabla sijalishusha, maana ubavuni kuna muhuri wa shamba la baba yao. Akanishukuru sana. Baada ya saa moja alikuja na lile kreti, na jingine juu yake, na keki nyeusi za samaki kwenye barafu. Nikajaribu kukataa. Akasema nisimtie aibu barabarani.

Michiyo akapanga vyote ngazini, kwa kuwa mahali pengine hapakuwapo. Akaniambia, taratibu kabisa, “Baba Chinatsu, kabla hujaanza kupunguza, mlango wa mbele ulikuwa unafunguka.”

Angepiga kelele ningejua la kufanya. Hakupiga. Jioni nikamsikia akizungumza na Chinatsu kwenye simu. Alikuwa akisema Hamamatsu si mbali, treni zipo, na kwamba Bi Ishigami ni mtu mwema, mwenye moyo. Alisema kwa sauti ya mtu anayesifia dawa chungu mbele ya mgonjwa. Halafu akakata simu akakaa palepale sakafuni, kati ya sabuni na senbei, akakunja taulo ambazo zilikuwa zimekunjwa tayari.

Jambo moja tu limenifariji. Katsumata hajarudisha kitu. Mtu ambaye hurudisha kadi ya mwaka mpya kabla hujaituma! Bila shaka amefungua. Bila shaka mkewe aliona.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimepanga masanduku upya, yakisimama wima. Nimepata nafasi ya mtu mmoja kulala, ikiwa mtu huyo ni mwembamba na si mjamzito.

Mchana Chinatsu akapiga simu, akaniomba mimi, si mama yake. Hilo si la kawaida. Akauliza habari za kiuno changu. Kisha akauliza, “Baba, ile ngome yetu ipo?”

Nikauliza ngome ipi.

“Ile ya darasa la tatu. Niliyopaka paa rangi ya waridi ukasema utalipaka upya, halafu tukaiacha.”

Anasema daktari amemwambia apumzike, na amechoka kupumzika. Angependa kuimaliza akiwa anasubiri. Kwa mamamkwe wake gundi haiingii ndani. Anasema ataangalia chumba Jumapili, kama hakilaliki atakwenda Hamamatsu, hana ugomvi na mtu. Lakini ngome anaitaka.

Nikasema ipo. Si uongo. Ipo. Ipo kwa Katsumata.

Ijumaa, 19 Aprili

Nilimpelekea Katsumata chai, ile nzuri ambayo bado napata kwa bei ya ghalani. Mtu haendi kuomba mikono mitupu.

Alinifungulia akiwa na aproni, na ile taa ya meno kichwani. Ngome ilikuwa mezani. Orofa ya kwanza ameshainyoosha kidogo. Paa la waridi limebanwa kwenye koleo, na brashi iko mkononi, imeshachovywa rangi ya kijivu.

Nikasema, “Ngoja.”

Akangoja. Brashi ikadondosha tone kwenye gazeti.

“Nani alipaka hili?” akauliza. “Ana ujasiri huyu.”

Nikasema ni mtu anayejifunza.

“Mtoto?”

Nikasema ana miaka thelathini na moja na anakuja Jumapili kujifungua.

Katsumata akaweka brashi chini. Akavua ile taa. Nilijua nitahutubiwa, na nikahutubiwa. Akasema zawadi haiombwi tena. Nikasema najua. Akasema akinirudishia ngome kama ngome, itakuwa ameikataa zawadi yangu, na hilo yeye hawezi kunifanyia, mimi mwanaklabu wa siku nyingi. Nikasema nashukuru. Akasema njia ni moja tu: aniletee kama cha kurudisha. “Lakini bwana Kurebayashi, ngome ilikuwa yako toka mwanzo. Yenyewe haiwezi kuhesabika. Lazima niongezee kitu juu yake.”

Nikasema si lazima.

“Lazima,” akasema, akafungua mlango wa chumba cha pili.

Sijui nieleze vipi. Nilifikiri ni mimi peke yangu. Manowari mpaka dirishani. Ndege mpaka taa. Masanduku ya vifaru yameziba mlango wa kibaraza, na katikati kinjia cha kupita paka. Mkewe alikuwa jikoni. Aliposikia mlango ule unafunguliwa akaja, akaniona, akaniinamia kama mtu anayemwinamia daktari.

Mtoto wao wa kiume anarudi kutoka Osaka na anataka chumba.

Katsumata alipakia gari mwenyewe. Akaenda akarudi, akaenda akarudi. Sijapata kumwona mtu wa miaka sabini na kitu akipanda ngazi zangu, juu ya machungwa, kwa furaha namna ile. Alikuwa anapiga mluzi. Alipomaliza akafuta jasho akasema, “Cha kurudisha hakirudishiwi. Tumemalizana.”

Ndipo nikaelewa. Mtu yule alikuwa na chumba hicho muda wote, akisubiri mjinga mmoja ampe chochote.

Nimekuwa nikitoa. Kumbe siri ni kurudisha!

Michiyo alisimama chini ya ngazi mpaka sanduku la mwisho likapita. Alikwenda akapiga pasi nguo za kusafiria.

Jumapili, 21 Aprili

Walifika saa nne. Mkwe wangu anaendesha, Chinatsu kiti cha nyuma, tumbo mbele yake kama mzigo wa mtu mwingine anaomtunzia. Michiyo alikuwa amevaa vizuri. Alikuwa tayari kwenda nao mpaka Hamamatsu, kumsaidia kupanga vitu, kisha kurudi. Alikuwa ameshafunga chakula cha njiani.

Chinatsu alipanda ngazi polepole. Akasimama mlangoni mwa chumba. Sote nyuma yake, kwenye vipandio, kila mtu na kreti lake miguuni.

Aliangalia manowari zangu na za Katsumata. Aliangalia taulo. Aliangalia sabuni. Akaiangalia ile meli ya marehemu Usami, iliyolala katikati kama mgeni wa heshima. Mkwe wangu akatoa simu mfukoni akasema kwa upole kwamba mama yake anasubiri Hamamatsu, ameweka maji ya kuoga. Michiyo alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake.

Nilikuwa nimeshika sanduku la ngome, nikalinyoosha mbele, basi.

Chinatsu akafungua kifuniko. Akalitoa paa.

“Hukulipaka upya,” akasema.

Nikasema hapana.

“Ulisema utalipaka.”

Nikasema nilikuwa na shughuli.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika tumbo, mpaka mumewe akaogopa, mpaka ikabidi aketi juu ya kreti la Makita. Kisha akafuta macho, akasema, kwa sauti ileile ya mama yake, kwamba yeye na mama watalala chini, chumba chetu cha kulala. Na baba atalala huku.

Mkwe wangu akarudisha simu mfukoni. Michiyo alikuwa ameshachukua begi la Chinatsu na kuliingiza chumbani chini kabla mtu hajabadili mawazo. Kwa mara ya kwanza wiki hii nilimsikia anaimba kidogo, bila maneno.

Nikauliza nitalala wapi hasa, maana sakafu haipo. Michiyo akajibu kutoka chini, “Si una elimu ya kupanga masanduku?”

Nimepanga. Kichwa kati ya ndege, miguu kwenye machungwa. Nikipima kwa haki: Michiyo alitaka binti nyumbani, yupo nyumbani. Mimi nilitaka modeli nyumbani, zipo, na nimehamia kwao. Aliyeshindwa simwoni, labda lile godoro la bata.

Jumatatu, 29 Aprili

Tunajenga. Daktari amekataza harufu ya gundi, kwa hiyo mimi nakaa kibarazani, kioo kimefungwa, na Chinatsu yuko ndani kwenye mito. Ananyoosha kidole. Nikikosea anagonga kioo. Anagonga sana. Michiyo anakaa karibu naye, anamenya machungwa, naye sasa ameanza kugonga.

Jumatano, 22 Mei

Msichana. Alizaliwa Ijumaa, mzima, mama yake mzima. Ana sura ya kukasirika kama mteja wa chai. Michiyo hamtui chini. Ngome imekamilika, imeinama upande mmoja, paa la waridi, iko kwenye dirisha ambapo mtoto atailalamikia akikua. Bi Ishigami alikuja na godoro la bata akalitandika mwenyewe. Alikunywa chai akaisifia ngome. Si mtu mbaya.

Sasa la muhimu. Zawadi za mtoto zinamiminika. Makita, Oishi, Bi Usami, ghala la chai, ndugu wa kila upande. Na kila moja lazima irudishiwe. Nimelala kwenye chumba hiki mwezi mzima nikisubiri hili bila kujua. Cha kurudisha hakirudishiwi! Kila sanduku litakalotoka halina njia ya kurudi.

Nikamweleza Michiyo mpango. Akasema tutarudisha taulo, taulo tunazo. Lakini taulo anaweza kurudisha mtu yeyote.

Shida ni moja. Nilipozikagua modeli nikaona hakuna inayofaa. Zangu vifuniko vimepauka, na kuna yule baharia mlingotini. Za Katsumata zina alama za vidole vyake. Za kwenye mifuko hazijulikani ni nini. Zawadi inayotolewa kwa jina la mtoto lazima iwe mpya. Kwa bahati maonyesho ya modeli yalikuwa hapa mjini mwezi huu huu, nikaenda kuangalia tu. Zilikuwapo nzuri sana. Nimechukua za kutosha familia zote, na chache za akiba, maana watu hujitokeza.

Sikuzileta nyumbani, mimi si mjinga. Zimekwenda kwa Katsumata. Mwanawe ameahirisha kurudi, na sasa Katsumata ana chumba kitupu ambacho anasema kinamsumbua usingizi. Alikubali mara moja. Jana nikampelekea pakiti ndogo ya chai, asante ya kunitunzia.

Leo mchana amekuja na cha kurudisha. Kimefungwa vizuri, kwa karatasi na kamba. Kilihitaji watu wawili kukipandisha. Nimekiweka juu ya mto wangu, maana mahali pengine hapakuwapo.

Sijakifungua. Na kitu kisichofunguliwa si mrundiko.